Chupa Yenye Tundu Moja: Kumfundisha Mtoto Sayansi kwa Mchezo Hapa Dar

Jumatano moja mjukuu wangu wa darasa la tatu alirudi kutoka shule na doa la mchuzi kifuani mwa shati jeupe. Mchuzi wa samaki, manjano haikubaniwa. Nikampa beseni na kipande cha sabuni afue mwenyewe. Haikupita hata dakika nikasikia anaita, "Bibi! Bibi, njoo uone, damu!" Doa lililokuwa la njano limegeuka jekundu, wekundu wa kutu. Alishajikagua vidole vyote kutafuta alipojikata.

Jibu nilikuwa nalo ulimini. Nimefundisha shule za msingi za jiji hili miaka mingi, na kujibu ndiyo kazi niliyoizoea. Siku hiyo nikalimeza. Nikamuuliza tu, "Unadhani lililofanya hivi ni maji au ni sabuni?"

Akaenda jikoni akaomba kitambaa kikuukuu na mchuzi uliobaki. Akaweka madoa mawili. Moja akalilowesha kwa maji matupu, likabaki njano. La pili akalipaka sabuni, likawa jekundu. Baada ya hapo sikuwa na kazi tena. Ndimu ikarudisha unjano. Magadi yakaleta wekundu. Majivu ya jiko la mkaa yaliyoloweshwa, wekundu tena. Chumvi, hakuna kitu. Sukari, hakuna kitu. Lile shati lenyewe tulilianika juani, na kufika Jumamosi doa lilikuwa limefifia mpaka ulitafute. "Jua limelamba rangi," akasema, na siku iliyofuata akaanika vitambaa viwili, kimoja juani, kingine chini ya kitanda, ili ajue kama ni jua kweli au ni siku tu kupita.

Hapo mtoto wa miaka tisa alikuwa anafanya sayansi, na hakuna aliyemwambia kwamba ni somo. Mwongozo huu ni wa kukusaidia umfikishe mwanao hapo, uwe mzazi, dada wa nyumbani, mwalimu wa tuisheni au jirani ambaye ua wake umejaa watoto kila Jumamosi. Ninaoandika nao kichwani ni watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, wanaokusanyika kwangu Tabata.

Hatua ya kwanza: kusanya vitu

Tafuta kiroba kimoja, kitundike mahali, kisha kila mtu nyumbani ajue kwamba takataka fulani zinaingia humo. Chupa za maji za plastiki za kila ukubwa. Vizibo vya soda, ambavyo muuza duka atakupa bure ukimwomba. Makopo, vifuu vya nazi, ndala iliyokatika, mirija, uzi, vipande vya waya laini, mipira ya kufungia, mishumaa iliyobaki, kioo kidogo cha kujitazamia, sumaku kutoka spika iliyokufa. Kwa fundi redio yeyote wa mtaani utapata sumaku kwa bei ya soda, na ningekushauri uanze na hiyo, maana sumaku moja inawashika watoto wiki nzima. Wape na sahani ya mchanga wa ufukweni waipitishe juu yake ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Wakiona vipunje vyeusi vinavyosimama kama nywele, hawatakuuliza tena wachezee nini.

Jikoni chukua kidogo kidogo: manjano, ndimu, siki, magadi, chumvi, mafuta, na maua makavu ya choya yale ya kutengenezea juisi nyekundu. Juisi ya choya ni ndugu ya lile doa la mchuzi. Ukiitia magadi inaacha wekundu wake na kuelekea kijani, ukiitia ndimu wekundu unarudi. Sokoni fungu la choya linatosha watoto kumi.

Usinunue vifaa vya maabara vya kuchezea vya dukani. Vingi vinakuja na karatasi ya maelekezo inayomwambia mtoto afanye nini na ataona nini, na akishaona, mchezo umekwisha.

Kabla ya kwenda mbele, mambo ya usalama, na haya hayana mjadala. Mtoto wa chini ya miaka mitano haachwi na beseni la maji hata kwa dakika ya kwenda kufunga geti. Umeme wa ukutani si wa kuchezea. Betri za tochi zinatosha, na zikivuja zinatupwa, hazipasuliwi. Magadi na siki haviingii machoni. Jua halitazamwi kwa macho, wala kwa miwani ya jua, wala kwa kioo. Maji ya mafuriko na ya mitaro, hasa huku kwetu karibu na bonde la Msimbazi, hayaguswi kabisa.

Hatua ya pili: waache wachezee, wewe kaa kimya

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na wengi tunaishindwa. Weka vitu chini, sema "hivi hapa", kisha kaa mkekani nusu saa bila kufundisha. Chambua mchele au suka nywele za mtu. Ukiwa na kazi mkononi, mdomo unatulia.

Nitakuonyesha kwa chupa, maana ni mchezo wa kwanza ninaompa mtu yeyote anayeanza.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Pasha msumari kwenye mkaa, ushike kwa koleo, utoboe tundu moja tu karibu na kitako, tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Kutoboa ni kazi ya mtu mzima, na ufanyie nje ili moshi wa plastiki uende zake. Wape watoto chupa hiyo, ndoo ya maji, na nafasi ya kulowana.

Dakika tano za kwanza ni vurugu. Wanajaza, wanamwagiana, wanakojozana na chupa, wanacheka. Usiingilie. Kisha mmoja, bila kukusudia, anafunga kizibo, na maji yanakoma. Tundu liko wazi na maji hayatoki. Nimeona watoto wengi wakifika hapo na kila mara uso ni uleule: wanainua chupa karibu na jicho, wanachungulia tundu kama limeziba, wanachokonoa kwa kijiti. Wanalegeza kizibo, maji yanatoka. Wanakaza, yanakoma. Baada ya robo saa tayari kuna mtego: anampa mwenzake chupa iliyofungwa ashike, kisha analegeza kizibo ghafla. Mwingine anaiminya chupa ikiwa imefungwa, maji yanaruka, na ubishi unaanza: "Si ulisema haitoki?"

Ungewaeleza mapema kwamba hewa ya nje inayasukuma maji yasitoke, na kwamba hewa isipoingia juu maji hayashuki, wangeitikia "Ndiyoo" kwa pamoja kama walivyozoezwa, na jambo lingeishia hapo. Sasa wana mkanganyiko wao wenyewe mikononi, na huo watalala nao.

Jumamosi inayofuata, chupa hiyohiyo ongeza matundu mawili. Moja liwe nusu ya kimo cha maji, jingine robo tatu, na lile la chini lisogee lifike robo (toboa chupa mpya kama lile la zamani liko chini mno). Yote yawe ya ukubwa mmoja, lakini usiyapange kwenye mstari mmoja wima. Sogeza kila moja upana wa kidole, la sivyo vijito vitagongana. Sasa hata ukifunga kizibo, maji yanaendelea kutoka chini. Waache wagundue hewa inapita wapi. Wataona mapovu.

Kisha iweke chupa juu ya sakafu ya saruji, mtu mmoja awe anaongeza maji yasipungue, na waambie waangalie kijito kipi kinaangukia mbali zaidi. Watu wazima karibu wote hujibu la chini, na vitabu kadhaa huchora hivyo. Ukiiweka chupa sakafuni, la katikati ndilo linalofika mbali, na la juu na la chini huangukia karibu sehemu moja. Kwangu jambo hili lilianza kama ugomvi, maana mtoto mmoja alikuwa ameiweka chupa yake ukingoni mwa kibaraza na akaapa kwamba la chini linashinda. Na kweli kwake lilikuwa linashinda. Wenzake waliokuwa sakafuni wakamwita mwongo, mpaka mmoja akapindua ndoo, akaweka chupa juu yake, akanyamaza.

Wewe mtu mzima ujue sababu, ila uiweke mfukoni: maji ya chini yamebeba uzito wa yote yaliyo juu yake, kwa hiyo yanatoka kwa kasi kuliko mengine. Lakini chupa ikiwa sakafuni, maji hayo yako karibu na ardhi, yanagusa chini kabla hayajafika kokote. Yakipewa kimo cha kuanguka, yanashinda. Ukitembea nao mtaani siku hiyo, waonyeshe simtanki lililopandishwa juu ya mnara wa vyuma, kisha endeleeni na safari bila neno.

Hatua ya tatu: uliza swali ambalo mkono unaweza kulijibu

Baada ya mchezo, swali moja. Moja tu, na lichague vizuri.

"Kwa nini?" ni swali zuri kwa mtoto kukuuliza wewe, ila wewe kumuuliza yeye mapema ni kumtega. Anatazama juu kutafuta jibu la mwalimu. "Hii inaitwaje?" ni mbaya zaidi. Swali linalofaa ni lile ambalo mtoto akilisikia anainuka: Je, itakuwaje tukitumia chupa nyembamba? Tufanye nini ili izame? Unaweza kuifanya ielee bila kuondoa kitu? Ipi itawahi kufika?

Mfano, siku ya kuelea na kuzama usiwape orodha ya vinavyoelea. Wape chungwa. Likiwa na ganda linaelea. Limenye, linazama. Wengi hutegemea kinyume, kwa kuwa limepungua uzito. Wape yai bichi kwenye glasi ya maji, linazama. Kisha uliza watafanyaje lielee, na uache chumvi karibu bila kuitaja. Wape donge la udongo wa mfinyanzi lizame, kisha uulize kama udongo uleule, bila kupunguza hata chembe, unaweza kubeba vizibo kumi juu ya maji. Watafinyanga mtumbwi. Siku mtakayovuka na pantoni kwenda Kigamboni, magari yote yale juu ya chuma kinachoelea, mtoto atakushika mkono na kukuuliza yeye.

Nikiri jambo hapa. Kwa miaka mingi darasani kwangu watoto waliimba, "Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi." Waliimba vizuri. Siku moja nilishika puto lililojaa hewa nikauliza kama hewa ni maada, na darasa zima likasema hapana. Walikuwa na sentensi, hawakuwa na hewa. Naandika haya kwa kuwa bado nawafikiria watoto wale.

Hatua ya nne: kila mtu atabiri kabla ya kuona

Kabla ya jaribio lolote, chora duara mbili au tatu chini kwa chaki, kila duara jibu moja, na kila mtoto aweke kizibo chake kwenye jibu analoliamini. Anayeona aibu kusema anaweza kuweka kizibo. Mdogo wa miaka minne naye ana kizibo kimoja sawa na kaka yake wa darasa la saba, na mara nyingi yeye ndiye anayepatia, jambo ambalo linamfanya mkubwa achunguze kwa makini zaidi mara ijayo.

Anayekosea asichekwe, na wewe usiseme "umekosa". Sema "haya, tumeona nini?" Neno "umekosa" likisikika mara mbili, vizibo vyote vinaanza kufuata kizibo cha mtoto anayeaminika ana akili, na hapo huna utabiri tena.

Hatua ya tano: daftari

Fupi tu. Daftari moja la kila mtoto, la kuchora zaidi kuliko kuandika. Tarehe, picha, na alichokiona. Usisahihishe tahajia humo. Vipimo viwe vya kwao: shibiri, vidole, vijiko, hatua. Wakigombana kwamba shibiri ya mkubwa ni ndefu, wamefika wenyewe mlangoni kwa rula, wape.

Hatua ya sita: badilisha kitu kimoja

Kuanzia miaka minane hivi mtoto anaweza kuelewa kwamba ukibadilisha mambo mawili kwa mara moja hujui lipi limeleta tofauti. Usimhutubie. Subiri alikosee, kisha uliza, "Wewe umeongeza chumvi na pia umetumia glasi kubwa. Kipi kimeinua yai?"

Mahali pazuri pa kulifanyia hili ni friji, na hapa sisi Watanzania tuna hadithi yetu. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake katika shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kusubiri yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa inagombaniwa, naye akayaweka yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne aliporudi Dar akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana ni lini hutokea na kwa sababu gani.

Wasimulie watoto, kisha wafungulie friji. Jirani anayeuza lambalamba atakubali kona moja ya jokofu lake ukimweleza. Makopo mawili yanayofanana, kiasi kilekile cha maji, moja la bomba, jingine la moto (la moto unamimina wewe). Yakae kimo kimoja ndani ya friji. Angalieni kila robo saa, mwandike. Ukiangalia mara nyingi mno unaingiza joto. Watoto waligundue hilo pia. Sisi tumejaribu mara tatu: mara mbili ya baridi yaliganda kwanza, mara moja ya moto. Watoto hawakuridhika, na mpaka leo wanajadili kama makopo yalikuwa sawa kweli. Kwangu huo ni mchana uliotumika vizuri kuliko jaribio lililokubali mara moja.

Yale mzazi atakayoniuliza

"Na nisipojua jibu?" Sema hujui, na useme "tujaribu". Mtoto akiona mtu mzima hajui na hajaona haya, anapata ruhusa ya kutokujua na yeye. Lakini usibuni jibu. Jibu la kubuni linakaa kichwani mwa mtoto miaka.

"Basi nisimweleze kamwe?" Hapana, mweleze. Akishahangaika nalo vya kutosha, akija mwenyewe akasema "Bibi, niambie sasa, nimeshindwa", mweleze kwa sentensi tatu za wazi. Maelezo yanayokuja baada ya kuhangaika yanapata mahali pa kukaa.

"Mtihani je?" Swali hili halinikasirishi. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, la saba kuna wa kumaliza, na mzazi anayelipia tuisheni ana haki ya kuhofia. Sitakuahidi alama. Ninachokijua ni kwamba mtoto aliyeshika chupa ile husoma sura ya kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyosukuma, kama mtu anayesoma habari za mtaani kwake. Jumamosi moja asubuhi haiondoi tuisheni. Inaipa cha kushika.

Na lugha. Waacheni wafikiri kwa Kiswahili, hata wale wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Nimeona mtoto mwenye wazo zuri kabisa akilitupa kwa sababu alikuwa anatafuta neno la Kiingereza la "kuchuruzika". Tuna maneno: mvuke, msuguano, kani, mgandamizo, kivuli, mwangwi. Wazo likishasimama, majina ya lugha nyingine yatapandikizwa juu yake sekondari.

Hatua ya saba: mchezo wa kusubiri

Michezo yote hapo juu inaisha siku moja. Mtoto anahitaji na ile inayochukua siku nyingi, ajifunze kwamba kuna majibu yasiyoharakishwa.

Viluwiluwi wa mbu ni mfano mmoja. Kopo la maji lililoachwa nje likipata viluwiluwi, yahamishie maji hayo kwenye chupa ya kioo na uifunike kwa kipande cha chandarua kilichofungwa vizuri kwa mpira. Watoto waone wanavyoning'inia kwenye uso wa maji kuvuta hewa, wanavyobadilika kuwa kama alama ya mkato, na mbu anavyotoka. Kwa joto la Dar haichukui zaidi ya wiki mbili. Wakishaona, tone la mafuta ya kula juu ya maji mengine yenye viluwiluwi litawaonyesha kwa nini mafuta huwaua. Kila kitu kimwagwe ardhini pakavu mbu hawajatoka nje ya chandarua. Baada ya hapo watoto wenyewe ndio watakaopita uani kupindua makopo na matairi.

Bahari ni mfano wa pili. Ukiwa Coco Beach au Kunduchi mara mbili ndani ya wiki, chomekeni kijiti maji yalipofikia na muandike saa. Maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kupwa na kujaa hapa Dar hupita mita 3. Mtoto atakayeandika na umbo la mwezi pembeni ataliona lile ambalo wavuvi wa Msasani hawahitaji kuambiwa.

Lakini ninaoupenda kuliko yote ni wa kivuli.

Tunasema "jua la utosi" tukimaanisha saa sita mchana. Waulize watoto: je, saa sita jua liko utosini kila siku? Waweke vizibo. Kisha chomeka fimbo iliyonyooka ya mita 1 mahali pasipo na kivuli cha nyumba, ikae wima. Azima timazi kwa fundi mwashi, au funga jiwe kwenye uzi. Kuanzia saa sita kamili mpaka saa sita na dakika 40, kila baada ya dakika 5, wekeni kizibo kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote kinakuja wakati jua liko juu kabisa, na hapa kwetu si saa sita kamili. Hilo peke yake litawashangaza.

Rudieni mara moja kila mwezi, fimbo ileile, mahali palepale. Pigilia kigingi kidogo kwenye ncha ya kile kivuli kifupi na uandike mwezi. Juni kivuli kitalala kusini, upande wa Mbagala, urefu wa sentimita 58 hivi. Desemba kitakuwa kimehamia upande wa pili kabisa, kaskazini, kuelekea Tegeta, sentimita 30 hivi. Watoto wangu walipokiona kimeruka upande walidhani kuna mtu amehamisha fimbo. Wakalinda zamu.

Sasa, kitu kinachohama kutoka kusini kwenda kaskazini lazima kipite katikati. Usiwaambie. Mwachie mmoja wao alitamke, na atalitamka, mara nyingi mwezi wa Septemba, akiwa amechuchumaa juu ya vigingi: "Kwa hiyo kuna siku kitapotea?"

Ipo, na kwa Dar kivuli kinapotea mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 3 na 4 Machi, kwenye saa sita na dakika 35, na karibu na tarehe 10 na 11 Oktoba, kwenye saa sita na dakika 10. Machi mawingu huweza kuwanyima, kwa hiyo iwekee nguvu Oktoba. Siku mbili kabla na mbili baada bado zinafaa, kivuli kinakuwa cha sentimita chache tu.

Andaeni fimbo, ndoo, chupa zote, na kipande cha bomba la plastiki cha kama mita moja mkisimamishe wima juu ya karatasi nyeupe. Waite watoto wa jirani, na mama zao. Kama siku imeangukia katikati ya wiki, mwombe mwalimu wao dakika kumi tu uwanjani, huenda naye hajawahi kuona. Inapofika saa sita na dakika 8 waambie wasitazame juu, watazame chini. Kivuli cha fimbo kinanywea mpaka kitako chake. Ndoo inabaki na duara la giza chini yake tu. Ndani ya bomba mwanga unashuka mpaka kwenye karatasi na kukaa pale, duara moja jeupe. Na watoto wanaanza kuruka, kila mmoja akijitafuta miguuni mwake.